MREJESHO: Lile faili la tar.gz la Ujiji, komiti yake imepatikana

Wakuu habari za mida, nimerudi. Kwa ambaye hakuona, niliuliza nitajuaje faili la tar.gz (mafaili yaliyofungwa pamoja na kubanwa) nililolikuta kwenye kompyuta ya mteja huku Ujiji, mfumo wa stoo ya dagaa na mawese, limetoka komiti ipi ya Git (programu ya kutunza historia ya kodi; komiti ni hatua moja iliyohifadhiwa humo), maana jina lake ni mfumo-mpya tu na jamaa aliyelifunga kashahamia Tabora simu hapokei.

Aliyesema nijaribu git get-tar-commit-id, ubarikiwe mkuu. Kumbe git archive (amri ya kufunga mafaili ya mradi) ukiipa komiti au tagi (jina unaloibandika komiti) inaandika namba ya komiti kwenye kichwa cha tar, we huioni ila ipo. Nikapiga:

zcat mfumo-mpya.tar.gz | git get-tar-commit-id

ikatema ile namba ndefu ya herufi 40, nikaitupia git show, komiti hiyo hapo na tarehe yake. Zcat (inayoondoa ule ubanaji wa gz) usiiruke, get-tar-commit-id inataka tar isiyobanwa. Na wale mlioniambia nilifungue nilifunge upya kwa WinRAR, aisee hapo namba ingepotea mazima.

Sasa hivi naweka tagi kwanza ndo nafunga, na --prefix (yote yakae kwenye folda moja) ili mafaili yasimwagike ovyo, halafu kwenye .gitattributes (faili la mipangilio ya Git) nimeweka export-subst kwa faili la TOLEO lenye $Format:%H$, git archive inabadilisha hapo kuwa namba ya komiti, hata mtu akifunga upya namba inabaki humo ndani.

Aliyeuliza zip: kule namba inakaa kwenye komenti, piga unzip -z utaiona.