Wageni wa Tashkent: gumzo la Ukoo wa Chumbageni

Mjomba Salim: Assalaam aleikum jamaa. Tiketi zimekatwa, mimi na dada Mwanaidi, mwezi wa kumi inshallah. Tunapitia Dubai, tunalala kwa Hamisi, halafu Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan. Zulfa, nimepanga hivi: kwako usiku mmoja, asubuhi treni ya kwenda mji wa kale wa Samarkand. Nimesoma kwamba Tashkent hakuna cha kale, ni magorofa ya Warusi tu.

Hamisi (Dubai): Karibuni. Godoro lipo.

Zulfa (Tashkent): Waalaikum salaam. Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mkubwa. Usiku mmoja mimi sikubali 😂

Mjomba Salim: Marahaba. Toa sababu.

Zulfa (Tashkent): Huyo uliyemsoma hakudanganya, ila hakumaliza. Tarehe 26 Aprili 1966, alfajiri, tetemeko lilipiga chini ya mji wenyewe. Nyumba za udongo zililala chini, watu kama laki tatu wakakosa pa kukaa. Jamhuri za Kisovieti zikaleta mafundi, kila moja ikajenga mitaa yake. Ndiyo maana barabara ni pana hivi na miti imejaa kila upande. Na hayo magorofa unayoyadharau, kuta zake za pembeni zimepambwa kwa vigae, nakshi ghorofa tano kwenda juu. Nyingi ni kazi ya ndugu wa ukoo wa Zharsky. Mimi huwa nashuka kwenye basi ili nizitazame.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mimi magorofa hayanihusu. Huo Msahafu wa Sayyidna Uthman upo huko au uko Samarkand?

Zulfa (Tashkent): Uko hapa Mama Mkubwa! Eneo la Hazrati Imom, mji mkongwe. Zamani ulikuwa Samarkand, Warusi wakauchukua mwaka 1869 wakaupeleka St. Petersburg. Baada ya mapinduzi ukapelekwa Ufa kwa Waislamu wa huko, na mwaka 1924 ukarudishwa Tashkent. Ni mkubwa sana, umeandikwa kwa Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye ngozi, bila nukta wala irabu kama tulivyozoea sisi. Zimebaki kurasa za kama theluthi moja tu.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Allahu Akbar. Ni ule wenye damu yake, aliouawa akiusoma?

Zulfa (Tashkent): Wenyeji ndivyo wanavyoamini. Wataalamu wengi wanasema uliandikwa baada ya zama zake. Nimekwambia yote mawili, ukifika utaangalia mwenyewe. Ila nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajashusha watu.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Salim, huo usiku wako mmoja ufute.

Fatma (Muscat): 😂😂 Kesi imeisha

Mjomba Salim: Haijaisha. Chakula je? Nasikia wanakula farasi.

Zulfa (Tashkent): Wanakula. Soseji ya farasi inaitwa qazi, wanaikata vipande vyembamba wanaiweka juu ya wali. Usipoitaka sema tu usiwekewe, hakuna wa kununa. Huo wali ndio osh, wengine wanaita plov, ni pilau ya kwao. Nyama ya kondoo, karoti nyingi kuliko unavyodhani, za njano na za kawaida, dengu, zabibu kavu, bizari nyembamba, na mafuta ya mkia wa kondoo. Wanapika kwenye masufuria ya chuma ambayo mtu mzima anaweza kukaa ndani. Kuna jumba la osh karibu na mnara wa televisheni, utawaona wapishi wakipakua kwa makoleo.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Mdalasini? Hiliki? Karafuu?

Zulfa (Tashkent): Hakuna.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Basi hiyo si pilau, ni wali wa karoti.

Zulfa (Tashkent): Utakula halafu tutaongea 😄 La muhimu ni saa. Osh ni chakula cha mchana. Ukifika saa tisa unakuta masufuria yanasuguliwa. Mjomba najua desturi yako ya kutoka nyumbani saa nane, huku utakula mkate mtupu.

Mjomba Salim: Mkate nao mzuri?

Zulfa (Tashkent): Mzuri mno. Non, wa duara, unabandikwa ukutani mwa tanuri ya udongo, katikati umepigwa muhuri. Msiugeuze ukalala kifudifudi mezani, wazee hawapendi. Unamegwa kwa mkono. Na chai wakikumiminia nusu bakuli usidhani ni uchoyo, hiyo ndiyo heshima: anataka akuongezee tena na tena. Kwa hiyo Mjomba usianze kusema "jaza bwana".

Fatma (Muscat): Sokoni je? Nataka vitambaa.

Zulfa (Tashkent): Chorsu, lile lenye kuba kubwa la buluu. Chini ya kuba ni nyama, maziwa na qurt, vidonge vya maziwa makavu yenye chumvi kali. Mimi sivipendi, watoto wangu wanavitafuna kama karanga. Matunda yako nje. Mwezi wa kumi ni msimu wa komamanga na zabibu, na matikiti yao ya njano bado yapo, yale utanishukuru. Vitambaa ulizia atlas na adras. Atlas ni hariri inayong'aa, adras ni hariri na pamba. Vya kiwandani vya polista vimejaa na rangi ni zilezile, kwa hiyo Mama Mkubwa asinunue kabla sijashika mimi. Bei mnaongea, ila kwa utaratibu. Mkono kifuani, salamu kwanza. Usianze na kelele za Kariakoo.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Mimi magoti, Zulfa. Kutembea kwingi siwezi.

Zulfa (Tashkent): Teksi ni rahisi, tunaita kwa simu kwenye Yandex Go. Karibu kila gari ni Chevrolet nyeupe, kwa hiyo soma namba kabla hujapanda, usije ukaingia kwenye gari la bwana harusi. Metro ina ngazi lakini lazima nikushushe angalau mara moja, tutakwenda polepole. Ilifunguliwa mwaka 1977, ya kwanza Asia ya Kati, na mpaka 2018 kupiga picha ndani kulikatazwa kwa sababu ni mahandaki ya vita pia. Kituo cha Alisher Navoiy kina makuba kama msikiti. Kosmonavtlar ni cha wanaanga: yumo Gagarin, yumo Tereshkova, na yumo Ulugh Beg, mjukuu wa mfalme Timur, aliyepima nyota Samarkand karne ya 15. Mjomba, pale utakaa saa nzima.

Mjomba Salim: Hapo umenipata.

Zulfa (Tashkent): Hilo la magoti limenikumbusha jambo. Mama Mkubwa, unameza dawa gani? Tramadol na chochote chenye codeine usibebe, forodha ya huku haina mchezo na dawa hizo. Piga picha kila paketi unitumie, na cheti cha daktari uwe nacho.

Mama Mkubwa Mwanaidi: Nina za kijani na za njano.

Zulfa (Tashkent): Picha, Mama Mkubwa 🙏🏾

Hamisi (Dubai): Wakifika kwangu nitazikagua.

Zulfa (Tashkent): Ahsante. Jingine: mkilala kwangu na si hotelini, lazima niwaandikishe ndani ya siku tatu. Hotelini wanafanya wenyewe. Hela tutabadilisha benki, dola moja ni zaidi ya som elfu kumi, kwa hiyo mtajiona matajiri mpaka bili ije. Maji ya bomba msinywe.

Mjomba Salim: Baridi?

Zulfa (Tashkent): Mchana pazuri, usiku mnahitaji sweta. Mngekuja wakati wa chilla, zile siku arobaini kuanzia mwisho wa Juni, joto linapita nyuzi 40 na watu wanajifungia.

Mjomba Salim: Haya, Tashkent siku tatu. Samarkand tukale osh ya huko.

Zulfa (Tashkent): Huko nyama, karoti na wali havichanganywi, vinapakuliwa tabaka kwa tabaka. Watu wa hapa wanabishana na wa kule kila siku. Treni ni Afrosiyob, safari ni ya saa mbili na kidogo tu, inatoka stesheni ya kaskazini. Tiketi zinaisha mapema, na zinakatwa kwa jina na pasi. Nitumieni picha za pasi usiku huu.

Mjomba Salim: [picha]

Zulfa (Tashkent): Mjomba, hii ni kadi ya bima ya afya.

Mjomba Salim: Subiri nitafute miwani.