Naomba ushauri: Visikizi vya draiva nyingi vinapendeza kwenye simu lakini vinachoma sikio kwenye miksa

Fidla_Tanga (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasaidia kurekodi kikundi kidogo cha taarab hapa Tanga, na kazi ya kuchanganya sauti huifanya nyumbani usiku, saa ambazo spika kubwa zingewaudhi majirani. Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikitumia visikizi vya kuchomeka masikioni vyenye draiva moja (kipande kinachogeuza umeme kuwa sauti) ya dainamiki, yaani inayofanya kazi kama spika ndogo, kila upande. Sina malalamiko makubwa juu yake, isipokuwa kwamba fidla, akodiani na qanun zikipigwa kwa pamoja, sauti zake hurundikana mahali pamoja na ni vigumu kujua ni ipi ya kupunguza.

Rafiki yangu ameniazima visikizi vyenye draiva tano kila upande, moja ya dainamiki kwa ajili ya besi na nne ndogo za aina ya amecha (zenye kijiti cha chuma kinachotikiswa kwa sumaku) kwa sauti za kati na za juu. Nikivichomeka kwenye simu kwa adapta ya USB-C, kila nyuzi ya qanun inayodonolewa inasikika peke yake na mwimbaji anakaa mbele ya ala, jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika rekodi zangu mwenyewe. Nikivichomeka kwenye tundu la visikizi la miksa yangu ya zamani, besi inanywea, fidla inakwaruza, na kila penye "s" au "sh" katika mashairi panachoma. Visikizi vyangu vya siku zote havibadiliki hivyo. Kinachobadilika ni ukubwa wa sauti tu.

Nimetenga shilingi laki nne. Je, wingi wa draiva una faida ya kweli, au ni namba ya kuuzia? Na tatizo hili liko kwenye visikizi, kwenye miksa, au kwenye masikio yangu?

Fundi_Wimbi

Mkuu, umeeleza vizuri kiasi kwamba jibu limo ndani ya swali lako. Mshukiwa wa kwanza ni miksa.

Kila tundu la visikizi lina ukinzani wake wa ndani, unaopimwa kwa omu. Miksa nyingi, hasa za zamani, huwekewa kinzani kwenye tundu hilo ili kulinda saketi, kwa hiyo si ajabu kukuta omu 10 na kuendelea. Kisikizi chenye draiva moja ya dainamiki huwa na ukinzani unaokaribia kuwa sawa kuanzia besi hadi sauti za juu, na ndiyo maana kwako kinapungua sauti bila kubadilika tabia. Kisikizi chenye draiva nyingi kina krosova ndani yake, yaani kapasita na vikinzani vinavyogawa kazi baina ya draiva, na ukinzani wake hupanda na kushuka kulingana na kama sauti inayopita ni ya besi au ya juu.

Chukulia kwa mfano kisikizi chenye omu 10 kwenye besi na omu 40 kwenye sauti za juu. Kikiunganishwa na tundu lenye omu 10, umeme hugawanywa kati ya tundu na kisikizi, na penye ukinzani mdogo ndipo kisikizi hupoteza zaidi: besi inapoteza desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti), wakati sauti za juu zinapoteza karibu 2 tu. Tofauti ya desibeli 4 inatosha kabisa kukufanya useme kwamba besi imenywea na fidla inakwaruza. Ukichukua kisikizi hichohicho na kukiweka kwenye tundu la omu 1, tofauti inashuka hadi kiasi cha desibeli 0.6, ambayo huwezi kuihisi kwa urahisi katika muziki. Mwelekeo hutegemea toleo, kwa kuwa vipo visikizi ambavyo kwenye tundu la namna hiyo huongeza besi badala ya kuipunguza. Ndiyo sababu maoni ya wasikilizaji kuhusu visikizi vya amecha hugongana sana: mmoja alisikiliza kwenye simu, mwingine kwenye amplifaya ya sebuleni, na wote wawili wanasema kweli.

Usisahau mipira ya masikioni, yaani vile vikofia laini vinavyoziba tundu la sikio. Kisikizi kisipoingia vya kutosha, nafasi inayobaki ndani ya tundu la sikio huwa ndefu, na mlio wa asili wa nafasi hiyo hushuka hadi maeneo ya herufi "s". Jaribu mpira wa ukubwa tofauti kabla hujamhukumu mtengenezaji.

Mzee_wa_Sebene

Mimi nasema waziwazi kwamba namba ya draiva ni ya kuuzia. Sennheiser IE 900 ya mwaka 2021 ina draiva moja ya milimita 7 kila upande na ilizinduliwa kwa bei inayozidi dola 1,000, wakati KZ ZS10 Pro yenye draiva tano inauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Etymotic ER-4 iliyotoka mwaka 1991 ilikuwa na amecha moja tu, na hadi leo wapo wanaoiheshimu kwa usafi wa sauti za kati. Nikisikiliza dansi la zamani nataka gita la solo, la ridhimu na la besi vitoke mahali pamoja kama vilivyotoka jukwaani. Kwenye visikizi vingi vya mchanganyiko nimesikia besi ya dainamiki inayochelewa kutulia, juu yake kuna amecha zinazokatika haraka, na vitu hivyo viwili havishikani.

Kinanda_Mvita

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo umechagua mifano inayokufaa. Draiva nyingi zilizaliwa kwa sababu ya kazi, si ya maduka. Katikati ya miaka ya 1990 Jerry Harvey, fundi sauti wa bendi ya roki ya Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vya draiva mbili kila upande, kwa kuwa vilivyokuwepo havikuhimili kelele ya jukwaa. Huko ndiko ilikotokea kampuni ya visikizi ya Ultimate Ears. Amecha yenyewe ilitoka kwenye vifaa vya kuwasaidia wenye usikivu hafifu. Ni ndogo, ina kasi, lakini haisukumi hewa nyingi, ndiyo maana watengenezaji huipa kila moja eneo lake la kazi. Tena mtengenezaji makini hashindwi kuziunganisha: Shure SE846 yenye amecha nne huipitisha besi kwenye njia nyembamba ndefu iliyochongwa katika bamba kumi za chuma cha pua, ili sauti za juu zichujwe kabla ya kufika sikioni.

Kwa mtu anayechanganya taarab, utenganisho wa ala una thamani. Ila, ndugu Fidla, ulilinganisha kwa sauti iliyo sawa? Amecha mara nyingi hutoa sauti kubwa kuliko dainamiki hata kama hukugusa kitufe, na sikio humpendelea anayepiga kelele zaidi.

Fidla_Tanga

Nawashukuru nyote. Nimesawazisha sauti kwa kupima kwa programu ya simu, nikabadilisha mipira kuwa ya sponji, kisha nikarudia. Kwenye simu, ule ukali wa "sh" umepungua sana na qanun bado imejitenga, ingawa mshangao wa mara ya kwanza umepoa. Nadhani sehemu ya uzuri ule ilikuwa ukubwa wa sauti, kama Kinanda alivyodokeza. Kwenye miksa besi bado ni nyembamba. Je, nikitia kikinzani kidogo kwenye waya nitapata nafuu?

Fundi_Wimbi

Hapana, usitie, kwa sababu kikinzani kwenye waya kinaongeza ukinzani uleule unaokusumbua. Chukua sauti kwenye matundu ya laini ya miksa (yale ya kupeleka sauti kwenye kifaa kingine), uipeleke kwenye amplifaya ndogo ya visikizi ambayo tundu lake lina omu 1 au pungufu, kisha sikiliza hapo. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa tundu usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa kisikizi, na kwa amecha mimi hupenda uwe chini zaidi ya hapo.

Katika hizo laki nne, amplifaya ndiyo inunuliwe kwanza. Kinachobaki kinatosha visikizi vya draiva mbili au tatu vilivyosawazishwa vizuri, na usihangaike kufikisha tano. Visikilize kwa rekodi zako mwenyewe, muuzaji akikubali virudi, na vile vya zamani usivigawe: ukishachanganya wimbo kwenye vipya, upitishe na kwenye hivyo, kwa maana wasikilizaji wako wengi wana draiva moja.

Mzee_wa_Sebene

Hapo kwenye sentensi ya mwisho tumekubaliana.