Bolti za mikono ya nyuma ya Prado zimegoma, naomba ushauri kabla sijaharibu zaidi

MwanaRaskazone:

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, natumia Prado ya 1998 yenye injini ya 1KZ. Mama yangu yuko Mtae, huko juu Lushoto, na masika yaliyopita nilishindwa kumfikia. Gari ilikalia tumbo kwenye tuta la katikati ya barabara, matairi yakawa yanazunguka bure. Nikaamua kuinyanyua inchi mbili, springi mpya na shokapu mpya zote nne. Mbele nilipeleka gereji, maana kubana ile springi bila kifaa chake ni kucheza na maisha. Nyuma nafanya mwenyewe uani, hii ni wikiendi ya tatu.

Springi na shokapu za nyuma zimetoka. Kilichonikwamisha ni ile mikono miwili ya chini inayounganisha ekseli na chasisi. Bushi zake, zile za mpira kwenye maungio, zimepasuka, mpya ninazo, nikaona nibadili kwa mkupuo mmoja. Nati zimefunguka bila shida, ila bolti zenyewe hazitoki. Nikizungusha kichwa kinakwenda kama robo mzunguko, nikiachia kinarudi chenyewe kama mpira wa manati. Nimemaliza kopo zima la WD-40, ile dawa ya kulegeza kutu. Nimepiga nyundo mpaka ncha ya bolti moja imetanuka kama uyoga.

Na jana bolti ndogo ya namba 12 inayoshika klampu ya stebilaiza, ile fimbo ya kuzuia gari kulala upande kwenye kona, ilikatika. Kisiki kimebaki kwenye ekseli, kimechomoza kama milimita tatu.

Gari imekaa juu ya matofali ya inchi sita, matairi ya nyuma nimeyatoa. Mwisho wa mwezi natakiwa kumleta mama kliniki. Nisaidieni jamani.

Bi_Spana:

Kaka, kabla ya bolti tuanze na hayo matofali. Toka chini ya hiyo gari sasa hivi na usirudi mpaka umeyaondoa. Tofali la saruji halipindi likakupa nafasi ya kukimbia. Linapasuka mara moja, na wewe umekuwa ukipiga nyundo juu yake wiki tatu. Hiyo gari ni karibu tani mbili.

Azima stendi za chuma, hata kwa fundi wa matairi utapata. Ziweke chini ya chasisi, na kama uani kwako ni mchanga tanguliza ubao mnene. Yale matairi uliyotoa yalaze chini ya chasisi pembeni, ili hata ikianguka ipate cha kukalia. Weka kabari mbele na nyuma ya matairi ya mbele, maana handibreki yako inashika ya nyuma tu, na ya nyuma hayapo.

Nimeshuhudia msiba wa aina hii mtaani kwetu. Sitaki kuusoma tena hapa.

Kijana_wa_Kange:

Choma moto mkuu. Mtungi wa gesi, dakika tano, itatoka yenyewe.

MzeeDifu:

Moto hapana, si mahali hapo. Ngoja nieleze ili mwenye uzi aelewe anapambana na nini.

Bushi ya mkono ule ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, moja nje na moja ndani. Bolti inapita kwenye lile la ndani. Kwako nati zimefunguka, kwa hiyo nyuzi ni nzima. Kilichoshikana ni mwili wa bolti na bomba la ndani, kwa urefu wake wote. Ukizungusha kichwa unazungusha vyote viwili, mpira unajipinda, ukiachia unavirudisha. Hiyo robo mzunguko unayoiona ni mpira tu, bolti haijasogea hata unywele.

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana mle ndani pamejaa na dawa haipiti. Ungemwaga makopo kumi ingekuwa yale yale. Na hapa si bahari ya Tanga peke yake. Magari mengi haya yametoka Japani, na kama lako lilitumika mikoa ya theluji, lilipita miaka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kutu lilikuja nayo.

Ukichoma moto, mpira unawaka na moshi wake ni sumu. Tangi na mabomba ya breki hayako mbali. Mtu asije akachoma pia karibu na shokapu ya gesi, inaweza kulipuka.

Dawa ya bolti hii ni kuikata. Utafute mwanya kati ya sikio la chasisi na uso wa bushi. Ingiza grenda yenye jiwe jembamba la milimita moja, ukate bolti pamoja na lile bomba lake, upande mmoja kisha wa pili. Mkono utadondoka na kipande cha bolti ndani yake, na vile vipande viwili vilivyobaki kwenye masikio utavisukuma kwa nyundo na kipande cha nondo. Bushi unaitupa hata hivyo, usiionee huruma. Sikio la chasisi ndilo la kulinda, usiligusie jiwe hata kidogo. Grenda isipofika, funga kitambaa kwenye ubapa wa msumeno wa chuma ukate kwa mkono. Utatoka jasho lakini utafika.

Funika tangi na mabomba kwa gunia lililoloweshwa, ndoo ya maji iwe karibu, miwani machoni. Na fanya mkono mmoja kwanza mpaka umerudi mahali pake. Ukitoa yote miwili kwa pamoja ekseli itajizungusha, kuirudisha usawa ni kazi nyingine kabisa. Ishikilie kwa jeki muda wote.

MwanaRaskazone:

Asante sana mzee wangu, hapo nimeelewa. Stendi nimeazima leo asubuhi, matofali nimeyaondoa. Bi_Spana, Mungu akubariki. Bolti mpya nichukue wapi? Duka la vifaa vya ujenzi wanazo za unene ule ule.

MzeeDifu:

Usikate kabla bolti mpya hazijawa mkononi, gari itakulalia uani. Na za dukani kwa wajenzi usiziguse, zile ni za kufungia mageti. Huu ni mkono unaoshika ekseli. Tafuta za Toyota zenyewe, au nenda na ya zamani dukani mlinganishe unene, urefu na nyuzi. Bolti ya kawaida ngumu utaiona imeandikwa 8.8 au 10.9 kichwani. Isiyoandikwa kitu, iache.

Bi_Spana:

Kile kisiki kidogo ni rahisi kuliko unavyodhani, kwa sababu kimechomoza. Futa WD-40 yote pale, inawaka. Ukitumia dawa ya kusafishia breki, hakikisha haina klorini, maana ikikutana na joto la kuchomelea inatoa gesi ya kuua. Toa waya wa betri. Chukua nati, ivalishe juu ya kisiki, fundi achomelee ndani ya tundu la nati mpaka vishikane. Subiri ipoe hadi wekundu uishe kabisa, halafu spana: mbele kidogo, nyuma kidogo, usivute kwa hasira. Joto la kuchomelea ndilo linalovunja kutu. Nati ikikatika chomelea nyingine. Mimi nimewahi kufika ya nne.

AbuuLikoni:

Salaam kutoka Mombasa. Nyongeza wakati wa kurudisha. Paka griisi ya shaba kwenye mwili wa bolti, pale inapopita ndani ya bushi, ili miaka kumi ijayo usilie tena. Kwenye nyuzi acha, maana nyuzi zikiteleza utakaza kupita kiasi bila kujua.

La pili, watu wengi hukosea hapa: usikaze bolti za bushi gari ikiwa hewani. Zishikize tu, rudisha matairi, teremsha gari ikalie uzito wake, itingishe, ndipo ukaze kabisa. Ukizikaza ekseli ikiwa imening'inia, mpira unafungwa ukiwa umejipinda, na hizo bushi mpya zitachanika mapema.

Angalia pia mpira wa breki wa nyuma kama bado una nafasi, sasa gari imepanda. Na kama yako ina kile kifaa cha kupima mzigo cha breki za nyuma, kirekebishe, kisije kikadhani gari haina mzigo hata ukiwa umejaza.

MwanaRaskazone:

Wakuu, siku kumi baadaye narudi na majibu.

Mkono wa kulia ulichukua saa tatu. Sehemu kubwa ya muda ilikuwa kutafuta pembe ya kuingiza grenda, kukata kwenyewe dakika chache. Wa kushoto grenda haikufika upande wa ndani kwa sababu ya bomba la ekzosi, nikakata kwa ubapa wa mkono, mikono ikatoka malengelenge. Ile bolti nimeipasua nikiwa na hamu ya kuona: kutu imejaa ndani kama unga uliogandishwa. MzeeDifu, isingetoka kamwe.

Kisiki kilitoka kwa nati ya pili. Bushi zimekazwa gari ikiwa chini. Nimepima kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, imepanda sentimita tano na nusu.

Swali moja limebaki. Nikisimama nyuma, ekseli inaonekana imesogea upande mmoja, kama milimita sita. Nimekosea kufunga?

MzeeDifu:

Hujakosea. Kuna fimbo inayokingama kutoka chasisi hadi ekseli, na ukinyanyua gari, ile fimbo inainama zaidi na kuivuta ekseli kando. Milimita sita ni kawaida kwa inchi mbili. Ungenyanyua zaidi ungehitaji fimbo ya kurekebishika. Kagua ukaze wa bolti zote ukifika Lushoto mjini, kabla hujaanza kupanda Mtae. Msalimie mama.