Wanafunzi wafunge saa 30 ili wajue njaa? Tujadili

Wadau, habari za leo. Binti yangu wa kidato cha tatu, hapa Mwanza, amekuja na fomu kutoka shuleni. Watakaa saa 30 bila kula, maji tu, na kila mmoja atatafuta ndugu na majirani wa kumwahidi mchango. Fedha zitanunua unga wa uji wa shule ya msingi jirani. Mtindo wenyewe umetoka nje: Marekani vijana wamekuwa wakifunga saa 30 kupitia shirika la misaada la World Vision, Australia saa 40. Juu ya fomu wameandika, "Tuonje njaa tuielewe."

Mchango naunga mkono. Hayo maneno ya juu ndiyo yamenichoma.

Nimekulia Kirumba, baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa, mitumbwi inalala ufukweni, na nyumbani haingii kitu siku kadhaa. Wenzangu walifurahia mwezi wakacheza nje. Mimi nikiuona unajaa, tumbo lilianza kuninyonga kabla njaa yenyewe haijafika. Mama alitafuta mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwanda vikishatoa minofu ya kuuza Ulaya. Akiyakosa, ugali kwa chumvi, mara moja kwa siku. Shuleni saa ya mapumziko wenzangu wakikimbilia mihogo, mimi nilijifanya bado nanakili ubaoni. Nilinakili mpaka walimu wakausifu mwandiko wangu.

Anayefunga anatangaza na kupongezwa, na saa ya kufungua anaijua. Mwenye njaa anaficha. Katika darasa la binti yangu hakosi mtoto aliyetoka nyumbani bila hata chai. Huyo fomu ataijaza vipi, na nani wa kumwahidi mchango? Takwimu za kitaifa za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu hauletwi na kulala njaa siku moja. Ni miezi na miaka ya uji mtupu. Saa 30 hazikuonyeshi hilo.

Karibuni, hata mnaonipinga.

Mchangiaji, Nyegezi: Mkuu, hapa nakupinga. Sisi tunafunga Ramadhani, Wakristo wana Kwaresima, na moyo unalainika kweli. Nikiwa nimefunga ndipo nilipomwona mpagazi wa pale Mwaloni anayebeba magunia ya dagaa tangu alfajiri kwa chai ya rangi tu. Miaka yote nilikuwa nampita. Usiwavunje moyo vijana.

Mtoa mada: Ndugu yangu, hilo la mpagazi limenigusa, na nakubali funga inafungua macho. Ila funga yako ni ibada, hukupewa fomu ya kukuambia kwamba sasa njaa umeielewa. Mimi ningependa michango ikusanywe bila orodha ya nani kafunga, na siku hiyo vijana waende jikoni kwa wale wadogo: wachote maji, wakoroge uji, watie unga wa dagaa, wagawe wenyewe mpaka kikombe cha mwisho. Mchango wa binti yangu nimeshautoa, afunge asifunge. Fomu bado iko mezani, sijasaini. Mzazi mwingine aliyeletewa fomu kama hii, wewe umefanyaje?