Mrejesho: pikapu ya dizeli iliyokosa nguvu kwenye mlima Kitonga

Nawashukuru sana ndugu zangu mlionijibu nilipouliza kwa nini pikapu yangu ya dizeli inakosa nguvu ikipanda Kitonga na mzigo, wakati fundi mmoja alikuwa ameniambia ninunue pampu mpya ya dizeli.

Nilifuata kwanza ushauri wa kufungua koki iliyo chini ya filta ya dizeli, na yakatoka maji ya kujaza karibu nusu kikombe; taa ya onyo la maji kwenye dashibodi ikazima, lakini nguvu ilirudi kidogo tu. Ndipo nikabadilisha filta yenyewe, ambayo kwa kumbukumbu zangu ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 40,000, na ndani yake karatasi ilikuwa nyeusi, imejaa tope. Sasa gari linapanda vizuri, na pampu ni ile ile ya zamani.

Kosa langu lilikuwa kurudishia mpira wa zamani unaoziba filta: kwa siku mbili gari liligoma kuwaka asubuhi kwa sababu hewa ilikuwa inapenya, hadi nilipoweka mpira mpya na kutoa hewa yote kwa ile pampu ndogo ya mkono ya kusukumia dizeli. Moshi mweusi haujaisha, na fundi wa sasa anashuku nozeli (zinazopulizia dizeli ndani ya injini), ambazo atazipima mwezi ujao.

Kwa kuwa dizeli ninayonunua njiani huenda ina maji na uchafu, nimeamua kubadilisha filta kila kilomita 20,000 na kumwaga maji kila mwezi.