Uasi wa askari wa Kisudani Uganda, 1897: kupinga ukoloni au kudai mshahara?

Mtoa mada: Wadau, hoja yangu ni hii: uasi wa Wanubi, yaani hao askari wa Kisudani, wa 1897 ufundishwe pamoja na upinzani wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, mfalme wa Buganda. Waliwaua maofisa wa Kiingereza, wakaishika ngome ya Lubwa kule Busoga kuanzia Oktoba hadi Januari. Mnataka ushahidi gani zaidi?

Mchangiaji 2: Mkuu, hapana. Hao ni mabaki ya jeshi la Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, na ofisa wa Kiingereza Lugard aliwachukua 1891. Miaka sita walikuwa mkono wa Mwingereza. Julai 1897 hiyohiyo walimpiga Mwanga huko Buddu, kusini mwa Buganda. Ugomvi ulikuwa rupia. Askari alilipwa rupia 4 kwa mwezi, tena kwa kuchelewa, mara nyingi kwa vitambaa, huku mpagazi kutoka pwani akimzidi. Kisha wakasukumwa hadi Ravine, Kenya ya leo, kujiunga na msafara wa ofisa wa Kiingereza Macdonald, safari ndefu wasiyoelezwa mwisho wake, na wake zao wakizuiwa kufuatana nao. Kwa Mnubi, mke ndiye aliyebeba na kupika chakula cha safari. Wangelipwa na kupumzishwa, Septemba ile uasi ulipoanza ingepita kimya.

Mchangiaji 3: Sababu ya kuanza nakubali, hitimisho nakataa. Tarehe 19 Oktoba walishindwa vita vya kilimani juu ya Lubwa. Baada ya hapo viongozi wao wakamuua Thruston, ofisa aliyeingia ngomeni kwa kuwaamini, pamoja na Waingereza wenzake Wilson na Scott. Lengo lilikuwa kuwafungia askari njia ya kurudi kwa Waingereza. Anayedai mshahara hafanyi hivyo, maana amemuua mlipaji.

Angalieni pia mzingiro. Ngome ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Viktoria, ikila ndizi za mashamba ya jirani. Macdonald alikuwa na Masingasinga wachache, Waswahili wenye bunduki na jeshi la Baganda. Wakaamua kufyeka migomba. Katika kazi hiyo, 11 Desemba, mmisionari Pilkington aliuawa. Ila upande wa ziwa haukuzibwa vizuri, na Januari 1898 waasi wakatoroka usiku kwa jahazi.

Mtoa mada: Na waliosalia baada ya kipigo cha Kabagambe, karibu na Ziwa Kyoga, Februari 1898, waliishia kwa nani? Kwa Kabalega na Mwanga!

Mchangiaji 2: Kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Mimi nauliza kuhusu Msoga, mwenyeji wa Busoga: ngome ile ilikuwa mzigo kwake kabla ya uasi, na migomba iliyofyekwa ilikuwa yake. Katika somo lako, yeye anakaa upande gani?