Nirudi Dar kuigiza tamthilia au nibaki Mbeya nimalizie filamu yangu? Naomba ushauri

Mwaisa wa Uyole (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Humu huwa nasoma tu na kupita, ila leo maji yamenifika shingoni.

Nina miaka 33, mke na mtoto mmoja, naishi Uyole. Kazi yangu ni kuigiza. Najua kuna walioanza kutabasamu. Hata baba mkwe akiulizwa nafanya nini husema "yupoyupo na mambo ya picha".

Nilikaa Dar mwaka mmoja na miezi miwili nikicheza kwenye tamthilia moja ya runinga. Nilikuwa mlinzi wa getini, Mnyakyusa mbishi, kila nikifungua mdomo watu wanacheka lafudhi. Malipo 50,000 kwa siku ya kurekodi, nauli juu yangu. Unaitwa saa 12 asubuhi, sini yako inapigwa saa 3 usiku au inaahirishwa, na ikiahirishwa hakuna hela. Nilipouliza habari ya kuongezewa, episodi iliyofuata mlinzi akapewa ruhusa kwenda kumzika mjomba wake Tukuyu. Hakurudi. Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi, nikiwa nimekaa sebuleni kwangu natazama.

Nikarudi nyumbani, nikauza pikipiki, nikaongeza akiba, nikaanza filamu yangu. Inahusu dereva wa lori wa njia ya Tunduma, skripti nimeandika mwenyewe na dereva naigiza mwenyewe. Mwezi wa 8 na wa 9 mwaka jana tumerekodi siku 19 kati ya Chimala, Igawa na Makambako. Zimebaki siku 4. Mpaka sasa imekula milioni 6 na laki nane zangu.

Sasa matatizo mawili. Kwanza, mwenye kamera ni rafiki yangu tangu sekondari, hatukuandikishana chochote. Picha zote ziko kwenye diski yake, na sasa anasema filamu ni ya kwake nusu kwa nusu, la sivyo diski haitoki. Pili, wiki iliyopita wale wa tamthilia wamenipigia. Mlinzi anarudi, safari hii ana mke na mtoto, hadithi imekuwa kubwa. Wanatoa 80,000 kwa siku, mpaka siku 10 kwa mwezi, mkataba mwaka mmoja. Ila kuna kipengele kinasema nisionekane kwenye kazi nyingine yoyote ya picha kwa muda wote wa mkataba. Wanataka jibu ndani ya wiki mbili.

Mke anasema niende. Baba mkwe anataka niingie naye kwenye mchele wa Mbarali. Mimi sijui. Nawasilisha.

Ndizi za Kiwira

Kwa hiyo wewe ndiye yule mlinzi! Bibi yangu alikuwa anakusubiri kila Jumatatu, ulipoenda kuzika akasema "huyu kijana amenogewa na matanga". Ngoja waje wajuzi, nimekaa paleee.

Mzee wa Stempu

Kijana, pole. Nimewahi kuwa kwenye biashara hiyo kabla hujaota ndevu. Zamani ulikuwa unamaliza filamu, unabeba masta kwenye begi, unapanda basi mpaka Kariakoo. Msambazaji anaangalia kava na dakika tano za mwanzo, anakupa hela ya mkupuo, unasaini karatasi moja. Unarudi Iringa unajiona tajiri. Miezi sita baadaye filamu yako iko kila kibanda umiza cha kuonyesha video toka Mafinga mpaka Kyela na wewe huna hata shilingi. Mwaka 2013 TRA, wale wa mapato, wakaleta stempu za kodi za kubandika kwenye kava ya nakala halali, tukadhani tumekombolewa. Ikaja simu janja, watu wakaacha kununua DVD, stempu ikabaki haina pa kubandikwa.

Nakwambia haya kwa sababu ile karatasi moja ndiyo iliyonimaliza, wezi wa kunakili walikuja baadaye. Niliuza kila kitu, milele, bila kujua nimeuza. Huo mkataba wako wa Dar usome hivyohivyo, neno kwa neno.

Parachichi Njombe

Mkuu, heka moja ya parachichi haina dairekta. Lima.

Mwaisa wa Uyole

@Parachichi Njombe, kaka, hata hilo shamba linataka mtaji, na mtaji wangu uko kwenye diski ya mtu.

@Mzee wa Stempu, shikamoo mzee. Nimekuelewa.

Dada wa Gangilonga

Kamwene wakuu. Mleta mada, mimi niliigiza Dar miaka mitatu, sasa nipo nyumbani Iringa na duka la vitenge, kwa hiyo sikuandikii kwa kusikia.

Rudia kusoma hapo walipoandika "mpaka siku 10". Maana yake ni kwamba hata wakikuita siku 2 hawajavunja mkataba. Wewe kichwani umeshapiga 80,000 mara 10 ukapata laki nane, si ndiyo? Mimi nilipiga hesabu hizohizo. Mwezi wa kwanza niliitwa siku 9, wa pili siku 3, wa tatu mara moja tu, nikafungua mlango na kusema "Shikamoo mama" basi. Chumba Tabata kinataka kodi ya miezi sita mbele, na huruhusiwi kwenda kuigiza kwingine. Ukitaka kumfunga mtu asifanye kazi nyingine, mlipe kwa kumfunga. Waambie waandike "siku zisizopungua 6", na zisipofika walipe pengo. Na siku ukiitwa, ukafika, sini ikaahirishwa, walipe hata nusu. Wakikataa vyote viwili, hiyo ni bahati nasibu.

Halafu kaka, hilo la lafudhi. Sisi wa Nyanda za Juu tukifika Dar tunapewa ulinzi, uhausigeli na uganga. Nilicheza hausigeli mara nne. Siku moja nikaomba kucheza mwanasheria, dairekta akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo filamu ambayo Mnyakyusa ni dereva mwenye akili zake na shida zake, mimi ningeimaliza kwa hasira tu. Ila hasira hazilipi kodi, najua.

Karani Mstaafu

Si wakili, nilikuwa karani ofisi ya wakili, kwa hiyo haya yapeleke kwa wakili ayahakiki.

Kumiliki kamera au diski hakumfanyi mtu kuwa mmiliki wa filamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapotengenezwa, hata kabla hujaisajili popote. Skripti ni yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo usimdharau rafiki yako. Ameleta kamera, taa na siku 19 za jasho, hilo ni deni halali. Ugomvi wenu hapo ni kwamba hamkusema deni hilo linalipwaje, kwa hela au kwa hisa.

Fanya hivi. Kusanya meseji zote za WhatsApp mlizoandikiana, risiti za mafuta, chakula, kukodi lori. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa aina hiyo. Peleka skripti COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili, si kwa sababu bila hivyo huna haki, ila ukifika kwenye mabishano cheti kinafupisha maneno. Na wao wana utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya namna hii. Kisha mwite rafiki yako mkae na mtu mzima mnayemheshimu wote.

Swali la mwisho: waigizaji wenzako walisaini? Na kibali cha Bodi ya Filamu mlichukua?

Mwaisa wa Uyole

Kibali tulichukua, Afisa Utamaduni alitusaidia sana, ndaga fijo kwake. Waigizaji hawakusaini. Tuliwapa posho na chakula, wengine ni ndugu.

Karani Mstaafu

Wasainishe, hata ndugu. Tena hao ndugu kwanza.

Maiki Mkononi

Nafanya sauti, nipo Mbeya mjini. Naongezea hapo kwa Karani. Chaneli au mtandao wa kulipia ukitaka kununua filamu, kitu cha kwanza hawaulizi hadithi. Wanaomba makaratasi: mwandishi amesaini, waigizaji wamesaini, muziki umeruhusiwa, Bodi ya Filamu imekagua na kupanga daraja la umri wa watazamaji. Nimeona filamu nzuri ya jamaa wa hapa imelala kwenye kompyuta kwa sababu aliweka wimbo wa msanii ambaye "walikubaliana kwenye simu". Msanii alipata meneja, meneja hakumbuki simu yoyote.

Na sauti yako ikoje? Igawa nakujua, malori yanapita usiku na mchana. Kama mlirekodi na maiki ya juu ya kamera tu, jiandae kurudisha waigizaji studio wayaseme upya. Hiyo gharama iweke kwenye hesabu kabla hujamwahidi mtu asilimia.

Mwaisa wa Uyole

Tulikuwa na maiki ya fimbo na mbili za kubana kwenye shati. Sini za ndani ya lori ziko safi. Za barabarani... tuombe Mungu.

Kijana wa Kitonga

Wakuu mbona mnazunguka? Mleta mada, hizo siku 4 zilizobaki ni sini gani?

Mwaisa wa Uyole

Lori limeharibika porini karibu na Igawa, dereva anakaa siku mbili anasubiri spea. Vumbi, jua kali, nyasi kavu.

Kijana wa Kitonga

Na leo ni mwezi wa pili. Nimepita Igawa juzi na semi, kote ni kijani mpaka unafikiri uko Mufindi. Utapata wapi nyasi kavu? Hata ungekuwa na diski mkononi na hela mfukoni, huwezi kurekodi mpaka mvua zikatike na majani yakauke, yaani mwezi wa 7 au wa 8. Sasa unagombana na Dar juu ya miezi ambayo filamu yako yenyewe imelala.

Mimi dereva tu, ila nimeangalia sinema nyingi kwenye foleni ya Tunduma. Mtu anaingia kwenye lori nyasi ni kavu, anashuka nyasi ni kijani, tunacheka foleni nzima.

Ndizi za Kiwira

Dereva wa lori ametoa ushauri wa filamu ya dereva wa lori. Uzi ufungwe.

Dada wa Gangilonga

Kitonga umenena. Basi kaka, usiwapelekee Dar jibu la ndiyo au hapana, wapelekee marekebisho. Kwenye kile kipengele waongeze "isipokuwa kazi ambayo kurekodiwa kwake kulianza kabla ya tarehe ya mkataba huu", na uitaje filamu yako kwa jina. Halafu omba wiki mbili za mwezi wa 8 ziandikwe kabisa. Waandishi wa tamthilia wanaweza kumpeleka mlinzi akazike mjomba mwingine.

Na ndevu! Kama dereva ana ndevu, mlinzi naye awe nazo. Usinyoe mpaka filamu iishe.

Mzee wa Stempu

Mwanangu, na hiyo asilimia ya rafiki yako, usiseme nusu wala robo leo. Andikeni kwanza kila mmoja aliweka nini, kamera kwa bei ya kukodi ya Mbeya siku 19, na hela zako. Namba zikikaa mezani sauti hushuka zenyewe. Na kabla ya neno lolote, omba nakala ya diski. Diski moja ikianguka hamna cha kugawana.

Mwaisa wa Uyole (mrejesho, siku 9 baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Tulikutana Kabwe na mwalimu wetu wa zamani wa sekondari, chai na chapati nimelipa mimi. Saa ya kwanza ilikuwa maneno tu. Mwalimu akatupa daftari, akasema kila mtu aandike alichoweka bila kumwangalia mwenzake, kama mtihani. Kamera na taa kwa siku 19 zikaja milioni 2 na laki sita na nusu. Rafiki yangu alizitazama namba za kwangu muda mrefu. Kumbe hakujua nimeuza pikipiki, alidhani nimeazimisha. Tumekubaliana asilimia 28 yake, haki zinabaki kwangu, na siku 4 zilizobaki anapiga yeye. Mwalimu ameshuhudia, wakili anaichapa wiki hii. Nakala ya diski ninayo. Sini za barabarani nimezisikiliza: mbili zimekufa kabisa. @Maiki Mkononi, nitakutafuta.

Dar wamekubali filamu yangu iwe nje ya kile kipengele. Wiki mbili za mwezi wa 8 wameziandika. Siku zisizopungua 6 wamekataa, wamesema 4, na sini ikiahirishwa watalipa nauli tu. Nimepiga hesabu ya siku 4: laki tatu na ishirini, toa chumba. Mke ameitazama hiyo karatasi, akasema nisipange chumba, nifikie kwa dada yake Mbagala na nirudi nyumbani kila wakimaliza siku zangu.

Naondoka Jumatatu na basi la alfajiri. Baba mkwe amenipa kilo 20 za mchele wa Mbarali nimpelekee shemeji, na ameuliza mlinzi anarudi episodi ya ngapi.